Uzoefu wangu karakanani: sanduku la maiti kutoka kipimo cha mochwari hadi kaburini

Karakana yetu ya familia, hapa Dar es Salaam, inatengeneza masanduku ya maiti na kusafirisha misiba mikoani. Baba aliianza, sasa tunaiendesha sisi watoto wake. Katika kazi hii kosa la seremala halionekani karakanani. Linaonekana kwenye kona ya korido, kwenye mlango wa basi dogo la Coaster, au kaburini wafiwa wote wakitazama. Ndiyo maana kila sanduku tunalipanga kwa kuanzia kaburini na kurudi nyuma.

Kipimo hatukipokei kwa simu. Kauli ya "alikuwa mrefu kama mimi" haifai hata ikitoka kwa ndugu wa tumbo moja, kwa sababu mwili uliolala mochwari hauna vipimo vya mtu aliyesimama. Nyayo hulegea na vidole vya miguu huelekea mbele, jambo linaloongeza inchi moja mpaka mbili. Maradhi ya moyo, figo au ini huacha mwili umevimba. Dawa ya kuhifadhia nayo ikiingizwa nyingi hujaza shingo na tumbo. Tunapima mara tatu: kutoka utosini mpaka ncha za vidole vya miguu, kiwiko hadi kiwiko mikono ikiwa imelazwa juu ya tumbo, na kimo cha kifua au tumbo, kile kilichozidi. Anayepima mabega peke yake atajuta, maana viwiko ndivyo vinavyogoma kuingia. Kama mwili haujapigwa dawa, narudi kupima upya baada ya kupigwa. Nauliza pia kuhusu nguo: suti haina neno, lakini viatu vinaongeza urefu na shela la bibi harusi linataka nafasi ya inchi mbili zaidi upande wa kichwa.

Tuchukue mwili wa futi 5 na inchi 11, viwiko inchi 20, kimo inchi 10. Kwa ndani naweka urefu wa futi 6 na inchi 2, upana wa mabegani inchi 22, kina inchi 14. Inchi hizo za ziada si za mapambo. Sponji ya inchi moja inakaa kila upande, mto wa kichwani unanyanyua uso, na juu ya pua lazima zibaki angalau inchi mbili kabla ya kioo cha kifuniko, kile cha kuonea uso. Mwenye tumbo kubwa anahitaji kina cha inchi 16 hadi 18. Hapo mafundi wengi huteleza kwa kuongeza upana na kusahau kina, halafu kifuniko kinakataa kufunga mbele ya mama wa marehemu.

Mbao. Mninga ndio unaoombwa sana, paini ya Sao Hill kule Mufindi ni ya bei nafuu, na MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ni ya wanaotaka rangi nyeupe iliyonyooka. Sanduku la mtu mzima linakula takriban mita 4 za mraba. Kwa unene wa milimita 20, la mninga mkavu hutoka na kilo 50 hivi, la paini kama 36, la MDF kama 60. Ongeza mwili wa kilo 80, gawanya kwa wabebaji sita, uone kila mmoja anabeba nini kwenye mteremko wa Rombo, Kilimanjaro, wakati wa mvua. Familia inayozika milimani huwa naishauri ichukue paini iliyopigwa laka vizuri, japokuwa faida yangu inapungua. Mbao mbichi hatugusi kabisa. Ikitoka kwenye unyevu wa Dar ikafika Dodoma au Singida, inanywea njiani na kifuniko kinaacha mwanya.

Sanduku la mabega, yaani lile linalopanuka mabegani na kupungua miguuni, linakunjwa, haliungwi. Upande wa ndani, takriban robo ya urefu kutoka kichwani, tunachana mistari 5 au 6 ya msumeno iliyoachana nusu inchi, tukibakiza milimita 4 au 5 bila kukatwa. Kisha tunamwagia maji ya moto na kukunja polepole, tukijaza gundi kwenye michano. Ubao wenye nyuzi za mshazari utavunjika hapo hapo, kwa hiyo nyuzi zikaguliwe kabla ya kuchana. MDF haipendi maji. Ile tunaikata kabisa na kuiunga kwa kipande cha pembetatu ndani ya kona.

Sakafu ndiyo roho ya sanduku. Ukiipigilia kutoka chini, uzito wa mwili unaivuta misumari itoke, na siku moja sakafu itabaki mikononi mwa watu wa nyuma. Sisi tunaiingiza katikati ya mbao za pembeni na kuifunga kwa skrubu kutoka ubavuni, kila baada ya inchi 6, kisha tunapitisha taruma (mbao za kukazia) tatu za inchi 1 kwa 2 kwa chini: mabegani, makalioni, miguuni. Taruma hizo zina kazi nyingine, zinaacha nafasi ya kupenyeza na kuvuta kamba kaburini. Vishikio tunavifunga kwa bolti na nati, na kipande cha mbao kwa ndani. Skrubu kwenye MDF hung'oka. Vishikio vya plastiki vya kung'aa ni urembo tu, na wabebaji waambiwe wazi: shika chini ya sanduku, usishike dhahabu hiyo.

Kuhusu rangi, vanishi ya mafuta inataka siku nzima ikauke, na msiba hauna siku nzima. Tunatumia laka ya kunyunyiza, inayokauka ndani ya saa moja. Shida yake ni masika: kuanzia Machi hadi Mei, ukinyunyiza asubuhi hewa ikiwa imejaa maji, laka inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Nyunyizia saa sita mchana, koti jembamba, na ikishageuka usiipige msasa haraka. Tina (thinner) inayokausha taratibu ikipuliziwa juu kidogo huirudisha. Kwa sababu hiyo tunaweka akiba ya masanduku matatu manne yaliyokwisha kupakwa, ya futi 6 na ya futi 6 na inchi 4, bila kitambaa. Kitambaa kinawekwa baada ya kipimo.

Chini ya kitambaa kuna kitu ambacho wafiwa hawakioni, nacho ndicho kinachookoa safari. Tunatandika nailoni nzito kipande kimoja, bila kiungo, ikipanda kuta zote inchi 8. Pini za stapula zinakaa ukingo wa juu tu. Pini moja sakafuni ni tundu, na tundu moja linatosha kulowesha kiti cha Coaster kabla ya Segera, mkoani Tanga. Juu ya nailoni tunaweka pamba au unga wa mbao mkavu inchi moja, tukichanganya na mkaa uliosagwa kwa ajili ya harufu, kisha sponji, kisha satini. Wapo wanaoweka gazeti. Gazeti likilowa halishiki tena chochote.

Dawa yenyewe si kazi yetu, ni ya wahudumu wa mochwari, lakini nauliza maswali mawili: imepigwa lini, na mwili ulifanyiwa uchunguzi? Mwili uliopasuliwa, mishipa yake imekatwa, hivyo dawa ya sehemu moja haifiki kote. Unahitaji kuingiziwa sehemu kadhaa, na mishono ikazwe. Kwa safari ya usiku kucha nataka dawa iwe imepigwa angalau siku moja kabla. Wanaokwenda kuvisha wavae glavu na milango iwe wazi, kwa kuwa mvuke wa formalini unachoma macho na koo. Ugonjwa wa kuambukiza unabadilisha kila kitu. Wakati wa Marburg mkoani Kagera, mwaka 2023 na tena 2025, miili ya wagonjwa ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa afya, si mwa familia wala mwa watu kama sisi. Daktari akisema sanduku lisifunguliwe, halifunguliwi, hata kamati nzima ya mazishi ikikasirika.

Kioo cha usoni kina ugomvi wake. Mwili ukitoka kwenye jokofu la nyuzi 4 ukaingizwa kwenye joto la Dar, ndani ya dakika chache kioo kinajaa ukungu na waombolezaji wanapita bila kuona uso. Omba mwili utolewe kwenye jokofu saa moja au mbili mapema, ukaushwe uso na shingo, kisha kioo kipakwe kwa ndani tone la sabuni ya maji lililofutwa kwa kitambaa kikavu. Kioo kisifungwe kwa gundi kabla ya kuaga. Kiwe cha kuteleza.

Makaratasi ni machache ila yasikosekane: kibali cha mazishi, karatasi za hospitali, na kama ni ajali au kifo chenye utata, ruhusa ya polisi. Nakala moja anakaa nayo dereva, moja ndugu anayesafiri. Usiyaweke ndani ya sanduku. Hilo linatokea, na kulifungua barabarani ni aibu. Usajili wa kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili, nawakumbusha tu wafiwa, kwa sababu cheti ndicho kitakachodaiwa benki na kwenye mirathi.

Safari ya Moshi ni takriban kilomita 560, Bukoba inafika 1,400. Kichwa tunakielekeza mbele ya gari, na mto unyanyue kichwa kiwe juu ya kifua, damu isije ikashuka usoni na kuugeuza rangi. Kabla ya kufunga tunajaza nafasi zote kwa khanga au taulo zilizoviringishwa: kando ya mabega, chini ya nyayo, kati ya kiwiko na ukuta. Mwili ukicheza njiani, uso utafika umegeukia ubavuni. Sanduku lenyewe linafungwa kwa mikanda miwili ya kukaza inayoshika vyuma vya sakafu ya gari, si miguu ya viti. Tukifika Mombo tunasimama na kukaza tena, maana mkanda mpya hulegea saa za kwanza.

Tukiwa bado Dar, vipimo vya kaburi vinatangulia. Wachimbaji wapewe kipimo cha nje, pamoja na vishikio. Lile sanduku la mfano wetu lina upana wa ndani wa inchi 22. Ongeza mbao, ukingo wa kifuniko na vishikio, linafika inchi 28. Nawaambia wachimbe upana wa inchi 36 na urefu wa futi 7 na nusu. Kaburi likijengewa kwa tofali na saruji, hesabu iwe ya ndani baada ya lipu. Fundi wa kijijini akipewa "futi saba kwa tatu" huchimba hivyo, kisha hujengea humo humo, na nafasi inabaki futi mbili. Nikiongea na mzee anayesimamia kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, namwomba akate kamba au fito mbili za urefu huo akabidhi wachimbaji, kwa kuwa fito haisahau namba. Kamba za kushushia ziwe tatu, za mita 6 kila moja, ngumu na zisizoteleza. Kamba ya manila mpya huteleza mikononi ikilowa.

Kwa wafiwa Waislamu kazi yetu ni ndogo. Jeneza ni la msikiti na hurudi msikitini, maiti huzikwa kwa sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Tunachoombwa ni vibao vya kufunikia mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti, na tunavikata virefu kidogo kuliko tulivyoambiwa ili wachimbaji wavipunguze pale pale. Wanataka haraka, mara nyingi kabla ya Alasiri, basi vibao hivyo vikae tayari daima.

Maneno ya dukani nayo yana kipimo. Anayeingia anapewa pole na kiti, na mazungumzo ya bei ni na mtu mmoja tu aliyetumwa na kamati. Bei ya sanduku, ya kitambaa na ya gari ziandikwe mbalimbali, kwa sababu mweka hazina atasomewa karatasi hiyo mbele ya ukoo mzima. Na kijana wa kazi asithubutu kumuaga mfiwa kwa "karibu tena".

Mwisho ni msalaba. Jina naomba liandikwe kwenye karatasi na mfiwa mwenyewe, likilinganishwa na kitambulisho, kisha anasaini chini yake, maana Mushi na Mushy ni watu wawili. Mti wa futi 4, futi moja na nusu ikizama ardhini, na sehemu hiyo tunaipaka lami au oili chafu mara mbili, la sivyo mchwa wataula.