Ratiba ya Desemba na Wauguzi Waliotaka Kuhama

Nilipokabidhiwa usimamizi wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja hapa Moshi, niliambiwa kwamba wauguzi wa wodi ile ni wakaidi, hivyo nisiwalegezee kamba. Mshauri mwingine alinihimiza niwaandalie chai na vitafunwa kila mwisho wa mwezi ili wachangamke. Ushauri huo ulinikera na bado unanikera, kwa kuwa hakuna aliyejiuliza kwa nini barua za kuomba uhamisho zilikuwa zikirundikana mezani kwa metroni.

Mishahara na posho sipangi mimi. Kilichomo mikononi mwangu ni ratiba ya zamu, ripoti ya asubuhi na namna ninavyozungumza na watu, na hayo si madogo: mwaka 1983 Akademia ya Uuguzi ya Marekani ilichapisha uchunguzi wa hospitali 41 zilizoweza kuvutia wauguzi na kubaki nao wakati nyingine zikiwakosa, na moja ya yaliyoonekana huko ni viongozi wa uuguzi wanaofikika, wanaosikiliza na kuwashirikisha wauguzi katika maamuzi.

Nilianza na kikao cha mwezi, kama nilivyoelekezwa. Hakikuzaa kitu. Waliotoka zamu ya usiku walisinzia vitini, na waliokuwa macho walinyamaza mpaka nilipokifunga, kisha mazungumzo yenyewe yakaanza koridoni.

Ikaja Desemba. Anayeijua Kilimanjaro anafahamu kwamba mwezi huo Wachaga hurudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na karibu kila muuguzi alitaka awe Rombo, Machame au Marangu siku ya Krismasi. Miaka ya nyuma ratiba ilipangwa ofisini mlango umefungwa, ikabandikwa sikukuu ikiwa imekaribia, na kila aliyepangiwa zamu aliamini ameonewa. Mimi nilichora ratiba tupu kwenye karatasi kubwa, nikaitundika katika chumba cha dawa mapema Novemba, penseli ikining'inia pembeni kwa uzi, kila mmoja aandike ombi lake mwenyewe. Nilipolazimika kukataa, niliandika sababu kwa kalamu mahali ambapo wote wangeisoma: “Ulipumzika Krismasi iliyopita,” au “Usiku huu hakuna mwingine mzoefu wa wagonjwa wanaotoka kupasuliwa.” Haikupita muda wakaanza kupangana wenyewe. Wauguzi Waislamu walichukua zamu za Krismasi kwa makubaliano kwamba wenzao watawashikia Idi, nami nikayaandika makubaliano hayo katika daftari la wodi ili Idi ikifika pasiwe na ubishi. Gharama yote haikuzidi shilingi elfu chache.

Muuguzi mmoja ambaye ombi lake nililikataa aliniambia, “Sista, safari hii angalau naijua sababu.”

Posho za saa za ziada zinapochelewa, naenda kwa mhasibu mwenyewe na kurudi na jibu siku hiyohiyo, hata kama jibu ni kwamba fedha hazijaingia, kwa sababu asiyeambiwa kitu hukisia, na hukisia mabaya. Kukosoa nako hufanyika ofisini, kamwe si kando ya kitanda. Ndugu wa mgonjwa wakishasikia muuguzi anakemewa, hawamsikilizi tena.

Wengi wa walioandika barua walikwenda wenyewe kwa metroni kuziondoa. Mmoja alihama, kwa kuwa mume wake anafanya kazi Dodoma, na barua yake niliipitisha bila kuichelewesha.