Mwindaji Chotara, Julai 2015

Kilichonisukuma kuunda ile deki yangu chotara ya Hearthstone ni umaskini. Wa mfukoni ulikuwepo, lakini hapa nazungumzia umaskini wa vumbi.

Kwa asiyeujua, Hearthstone ni mchezo wa karata wa kwenye kompyuta, kazi ya Blizzard ya Marekani, uliotoka rasmi Machi 2014 na kuingia kwenye simu Aprili mwaka uliofuata. Unaunda deki ya karata 30. Karata moja isizidi nakala mbili, na zile za daraja la Legendary nakala moja tu. Wewe na mpinzani kila mmoja anaanza na uhai 30, anayemmaliza mwenzake kashinda. Karata zinatoka kwenye pakiti, tano tano, pakiti moja dhahabu 100, na usizozitaka unazivunja zikawa vumbi la kuundia unazozitaka. Legendary moja inakula vumbi 1600. Karata ya kawaida ukiivunja inakupa 5. Na kazi ya siku mara nyingi ilikuwa inalipa dhahabu 40. Piga hesabu mwenyewe.

Mwaka ule kila mtu alikuwa na Dr. Boom. Mana saba (mana ndiyo unayolipia karata, na kila zamu unaongezewa moja), anaingia mezani na nguvu 7, uhai 7, na pembeni kaja na vibomu viwili vinavyotembea. Aliwekwa kwenye deki za kila namna, ziwe za mbio au za kusubiri. Mimi sikuwa naye, na kwa vumbi langu nisingekuwa naye kabla ya Krismasi.

Tulikuwa tunachezea kwenye duka la kaka yangu, Sinza. Kaka ni fundi simu. Jioni akishateremsha nusu ya mlango, ile laptop aliyokuwa akiitumia mchana kuflashia simu za watu inageuka kuwa ya karata. Tulijiunga na seva ya Ulaya kwa bando la usiku, maana la mchana lilikuwa linaliwa na wateja.

Kaka alikuwa mtu wa uso. Darasa lake ni la Mwindaji, shujaa anayeitwa Rexxar, ambaye kwa mana mbili tu anamtoa mpinzani uhai 2 kila zamu, apende asipende. Deki ya Mwindaji wa uso haiangalii kilichopo mezani. Kila kinachoweza kupiga kinapelekwa usoni, yaani kwa mpinzani mwenyewe. Kuna Leper Gnome, kijitu cha mana moja ambacho hata kikifa kinamchoma mpinzani 2. Kulikuwa na Arcane Golem, enzi hizo anapiga 4 siku ileile aliyoingia, huku akimpa mpinzani mana ya bure, na wewe hujali, kwa sababu unategemea atakuwa kaburini kabla hajaitumia. Ukifika zamu ya saba hujashinda, mara nyingi mkononi huna kitu na kinachofuata ni kuomba Mungu. Kaka aliupenda mchezo huo kwa sababu mechi zake zilikuwa fupi na mteja akigonga mlango hapotezi mengi.

Mimi nilimpenda Mwindaji wa kati, yule anayepanda taratibu. Zamu ya sita anashusha Savannah Highmane, simba wa nguvu 6 na uhai 5 ambaye akifa anaacha fisi wawili. Zamu ya saba anashusha Dr. Boom. Mimi kwenye zamu ya saba nilikuwa na kiti kitupu. Bila daktari, deki ile ilikuwa inafika nusu ya njia na kuishiwa pumzi mbele ya watu wenye karata nzito kuliko zangu.

Nikachukua daftari nichanganye deki hizo mbili, ya uso na ya kati. Kama mechi zangu haziwezi kufika mbali, basi mpinzani afike zamu ya sita akiwa ameshachubuliwa vya kutosha, halafu Highmane awe ndiye wa mwisho na si wa mwanzo. Kaka aliposikia akacheka. "Dogo, unaunda gari la madereva wawili."

Ukichukua karata 15 za huku na 15 za kule, kweli unapata gari hilo. Utamvuta Highmane zamu ya kwanza na Leper Gnome zamu ya tisa. Kwa hiyo kila karata niliiuliza maswali mawili: nikiwa ninakimbiza, una kazi? Nikiwa ninakimbizwa, una kazi? Arcane Golem alianguka palepale, maana kumpa mpinzani mana kwenye mechi unayopanga kuirefusha ni kumnolea kisu. Eaglehorn Bow ilipita bila mjadala: upinde wa nguvu 3 unaopiga uso, unaoua vidogo vyake, na kila mtego wako (karata ya siri inayomsubiri mpinzani) ukifyatuka unapata pigo moja zaidi. Mad Scientist alipita kwa sababu akifa anautega mtego kutoka ndani ya deki bila kukutoza mana. Animal Companion anakuletea mmoja kati ya wanyama watatu, na ukiwa na bahati mbaya bado si mbaya. Kill Command inapiga 3, na ukiwa na mnyama mezani inapiga 5. Iliuzuia mlango na iliuvunja mlango, kutegemea umesimama upande gani.

Highmane wawili walinigharimu vumbi 200 tu. Loatheb, Legendary wangu, nilimpata kwa kumaliza bawa lake la Naxxramas, safari ya ziada ndani ya mchezo, na bawa moja lilikuwa dhahabu 700, yaani wiki mbili na ushee za kazi za siku bila kugusa pakiti hata moja. Hapo ndipo nilipojifunza subira ambayo madrasa ilijaribu kunifundisha ikashindwa.

Ugomvi ulibaki kwenye karata mbili. Mimi nilitaka Houndmaster mmoja, mtu wa mana nne anayempa mnyama wako nguvu 2, uhai 2, na kumfanya kinga, yaani adui lazima ampige yeye kwanza. Kaka alimwona mzigo. Yeye alitaka Ironbeak Owl, bundi aliyekuwa wa mana mbili wakati ule, anayemnyamazisha yeyote aliye mezani, akapoteza kinga yake na maajabu yake yote. Mimi nilimwona bundi ni kiwiliwili dhaifu. Tukakubaliana kila mmoja apate wake mmoja, kama watu wanavyogawana viti vya udiwani, na karata zikatimia 30.

Faida kubwa ya deki ile sikuipanga kwenye daftari. Zamu mbili za kwanza nilikuwa nafanana kabisa na Mwindaji wa uso, na wakati ule ngazi ya mashindano ilikuwa imejaa hao, watu wanawachukia. Mpinzani akiona Leper Gnome anaingiwa na hofu. Anatumia dawa zake zote mapema, kwa vitu vidogo. Ikifika zamu ya sita, simba anaingia na bunduki haina risasi.

Sasa, usiku ninaoukumbuka ni wa Ijumaa, tarehe 31 Julai. Ngazi ya mashindano ilikuwa inaanzia daraja la 25 kushuka hadi la 1, juu yake kuna Legend. Kila mwezi msimu unafungwa na unarudishwa nyuma. Nilikuwa daraja la 6, nyota zote tano zimejaa, ushindi mmoja niingie la 5. Msimu unafungwa saa sita usiku za Ulaya, ambazo kwetu ni saa saba. Ilikuwa imeshapita saa sita na nusu.

Nje barazani watu walikuwa hawajalala. Jumanne ya wiki ile Lowassa alikuwa ametangaza kuhamia CHADEMA, na Sinza nzima ilikuwa na wachambuzi. Mzee mlinzi wa fremu zetu, mkali wa ule mchezo wa karata wa albastini, alichoka na siasa akaja kusimama mlangoni kwetu.

"Hizi nazo karata?" aliuliza.

"Karata, mzee. Ila hizi hazina turufu."

"Sasa mnajuaje nani mkubwa?"

Mpinzani alikuja wa darasa la Druidi, naye ndiye aliyeanza. Zamu yake ya pili akapanda Wild Growth, akawa mana moja mbele yangu. Mimi nilikuwa nimeweka Leper Gnome, nikafuatia Knife Juggler, yule mrusha visu. Zamu ya tatu, akiwa na mana nne, akashusha Keeper of the Grove. Huyu ana kazi mbili na unachagua moja: kupiga 2, au kunyamazisha. Akapiga 2, mrusha visu akafa.

Nilimpiga kaka kiwiko. Ile kazi ya kunyamazisha ndiyo pekee niliyokuwa naiogopa kwa ajili ya Highmane, na jamaa ameitupa kwa kumtumia Keeper kumpiga mrusha visu kwa sababu alidhani anacheza na kaka yangu.

Zamu mbili zilizofuata tukauana mpaka meza ikabaki tupu, yeye uhai 15, mimi 18. Zamu ya sita nikamshusha Highmane. Nikasubiri Keeper wa pili. Hakuja. Akaja Druid of the Claw katika umbo la dubu, nguvu 4, uhai 6, kinga.

Mkononi nilikuwa na Houndmaster, bundi na Kill Command. Mana saba.

Kaka aliona kabla yangu. "Uso! Bundi anyamazishe dubu, simba apige 6, Kill Command 5, Rexxar 2. Kumi na tatu! Anabaki na 2, na zamu ijayo 2 unazo za bure. Mechi imeisha, dogo."

Mahesabu yake yalikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba zamu iliyokuwa inafuata ya Druidi ilikuwa ya mana tisa, na kila Druidi wa mwaka ule alikuwa anasubiri mana tisa. Force of Nature kwa sita ilikuwa inaleta miti mitatu inayopiga palepale, Savage Roar kwa tatu ilikuwa inawaongezea wote nguvu 2 pamoja na shujaa mwenyewe. Meza tupu, hiyo ni 14. Ukimwacha dubu hai, hata akiwa amenyamazishwa, naye anapiga 6. Ishirini, na mimi nina 18.

"Akiwa nayo nimekufa," nikamwambia.

"Na asipokuwa nayo?"

Utambi wa muda ukaanza kuwaka katikati ya skrini. Nikamtuma Highmane kwa dubu. Dubu akafa, Highmane akabaki na uhai 1. Nikamweka Houndmaster: Highmane akawa nguvu 8, uhai 3, kinga mbele yangu. Kwa mana mbili Rexxar akapiga usoni, Druidi akashuka 13. Kill Command na bundi nikabaki nao. Kaka akashika kichwa kwa mikono miwili, akaenda kuangalia soda kwenye friji ambayo alijua haina soda.

Druidi alifikiri sana. Hatimaye akatoa Swipe, 4 kwa Highmane na 1 kwa Houndmaster. Highmane akaanguka, fisi wawili wakatokea.

Mzee mlinzi akasogea karibu na skrini. "Simba gani huyo, akifa anazaa fisi?"

Sikuweza kumjibu kwa kucheka. Mana tano zilizobaki Druidi akashusha dubu wa pili, kinga mpya. Kama alikuwa na ile miti mkononi sitajua milele. Simba mwenye kinga alimlazimisha kutumia mana zake kwingine, na hilo lilinitosha.

Zamu yangu. Kaka alikuwa amesharudi na sasa alikuwa anahesabu kwa sauti kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Bundi wake, mana mbili, akamnyamazisha dubu. Fisi wa kwanza 2, wa pili 2. Houndmaster wangu 4. Mtoto wa watu akabaki na 5. Kill Command, na fisi walikuwa bado mezani, kwa hiyo ilikuwa ya 5. Picha ya Druidi ikapasuka vipande, daraja la 5 likatokea, na bando likakatika nusu dakika baadaye kabla hatujamaliza kushangilia.

Mzee alitaka kuelezwa ushindi umepatikanaje, akiwa hajaona ree wala mzungu wa albastini. Tulijaribu. Mwishowe akasema mchezo wenyewe mzuri ila wanyama wake hawana adabu ya ukoo, akarudi kwenye siasa.

Agosti kaka aliinakili deki ile kutoka kwenye daftari langu. Akaipeleka siku chache, kisha akamtoa Houndmaster, akawatoa Highmane wote wawili na Loatheb, akaweka watu wa kukimbia usoni. Nilimwambia hiyo sasa ni deki yake ya zamani. Akanionyesha skrini: daraja la 3, ambalo mimi na chotara wangu hatukuwahi kulifikia.

"Chotara wako mzuri, dogo," alisema. "Nimempunguza tu damu ya upande mmoja."