Hatimaye AC ya gari langu ni ya dijitali

Jamani leo nimetoka Mbagala mpaka Posta nimeweka nyuzi 23 na sijagusa tena kitu, hewa inajipanga yenyewe, na kwa foleni ya Dar na hili joto mnanielewa.

Toyota Runx yangu ilikuja na AC ya kuzungusha kwa mkono. Mwanzoni nilinunua paneli peke yake ya dijitali, ile yenye vitufe na kioo, pale Ilala nikijua ni kuchomeka tu, kumbe wapi! Kioo kikawaka vizuri ila hewa haikubadilika hata kidogo, maana ile ya mkono inavuta vile vifuniko vya ndani vinavyogawa hewa ya moto na baridi kwa kebo, na ya dijitali inataka mota ndogo, tena inataka sensa ya joto la ndani, ya nje kule mbele nyuma ya bampa, na ile ya jua juu ya dashibodi. Hata spidi ya feni haipiti kwenye rizista ya zamani (kile kipande kinachopunguza umeme wa feni), ina kifaa chake. Basi nikarudi nikachukua boksi zima la hita na waya zake kwenye hafukati, yaani nusu ya mbele ya gari iliyokatwa kuuzwa spea, ya gari kama langu, dashibodi ikashushwa yote, siku mbili fundi umeme analinganisha waya mmoja mmoja na mchoro, anakata, analehemu, anavalisha mpira.

Gesi ya AC tuliivuta kwanza kwa mashine, msikubali fundi aifungulie hewani. Na pigeni picha kila plagi kabla hamjachomoa, mimi zile picha ndo zilituokoa usiku wa pili.