Siku tuliyoandika @rudia

Mfumo ulikuwa wa SACCOS moja, mwaka ni 2021, msimbo ni Python 3.8 na Flask, maktaba ya kutengeneza kurasa za wavuti. Usiku ulivuta miamala kutoka kampuni ya malipo ya simu na kuilinganisha na leja. Mchana ulitoa mikopo midogo moja kwa moja kwenye simu za wanachama. Mtandao wa upande wa pili ulikuwa na tabia ya kukatika sekunde chache kisha ukarudi kama hakuna kilichotokea. Kila aliyepita kwenye msimbo ule alikuwa ameacha kitanzi chake cha kujaribu tena, na faili la `malipo.py` lilijaa vitanzi vya namna hiyo, hakuna viwili vinavyofanana. Kimoja kililala sekunde 5, kingine 30. Kimoja kilijaribu mara tatu, kingine hadi kiama. Kimoja kilikuwa na `except:` tupu, ambayo hunasa hata KeyboardInterrupt, ndiyo maana ukibonyeza Ctrl+C programu ilikuwa inaendelea tu na safari yake mpaka uende kuiua kutoka dirisha jingine.

Ijumaa hiyo tulikaa wawili kwenye mashine moja, kazi ikiwa kuondoa vitanzi vyote na kubakiza kimoja.

Kwa Python njia iliyo wazi ni dekoreta: funksheni inayopokea funksheni na kurudisha nyingine ishike nafasi yake. Alama ya @ iliingia katika toleo la 2.4, mwaka 2004, na haina uchawi. Ukiweka `@rudia` juu ya `def leta_salio`, ni sawasawa na kuandika `leta_salio = rudia(leta_salio)` chini yake. Mlinganyo huu nimewaandikia wengi ubaoni, kwa sababu karibu kila kituko cha dekoreta kinaelezeka ukiurudia taratibu.

Mwenzangu alianza na umbo la tabaka tatu, kwa kuwa tulitaka kupitisha idadi ya majaribio. Tabaka la nje linapokea mipangilio, la kati linapokea funksheni, la ndani, tuliloliita ganda, ndilo linaloitwa kila siku. Toleo lake la kwanza lilifungua kwa `def rudia(mara=3, subira=0.5)`. Lilionekana zuri. Kisha akalivisha `leta_salio`, lakini akaandika `@rudia` bila mabano, akaendesha, na pale lilipotakiwa kutokea salio la mwanachama kukatokea hiki:

`<function rudia.<locals>.dekoreta.<locals>.ganda at 0x7f3c…>`

Hakuna hitilafu, hakuna onyo. Rudi kwenye mlinganyo: bila mabano, `leta_salio` yenyewe imeingia kama thamani ya `mara`, na kilichorudi ni tabaka la kati. Kwa hiyo tulipoita `leta_salio("0012")`, tabaka la kati liliipokea namba ya mwanachama kama ndiyo funksheni ya kuvishwa, likaivisha kwa utiifu, likarudisha ganda. Hata `functools.wraps`, inayonakili jina na maelezo ya funksheni ya asili kwenye ganda, haikulalamika, maana ikikosa `__name__` kwenye kitu ulichoipa huruka tu na kuendelea. Kosa la aina hii likiingia kwenye ripoti ya usiku, asubuhi mhasibu anakuta maandishi hayo kwenye safu ya fedha.

Kuna wanaotibu hali hii kwa kuifanya dekoreta ikubali namna zote mbili, yenye mabano na isiyo na mabano, kwa kuongeza `funksheni=None` mbele na kuichunguza. Inafanya kazi, ila kwa dekoreta kama hii mimi siipendi. Anayetaka kurudia mwito lazima aseme anarudia kwa sababu ya hitilafu gani, na akishalazimika kusema, mabano yapo tayari. Tukaweka nyota:

```python
import functools, logging, random, time

logi = logging.getLogger(__name__)

def rudia(*, hitilafu, mara=3, subira=0.5, lala=time.sleep):
    if mara < 1:
        raise ValueError("mara lazima iwe 1 au zaidi")
    def dekoreta(funksheni):
        @functools.wraps(funksheni)
        def ganda(*args, **kwargs):
            for jaribio in range(1, mara + 1):
                try:
                    return funksheni(*args, **kwargs)
                except hitilafu as h:
                    if jaribio == mara:
                        raise
                    muda = subira * 2 ** (jaribio - 1)
                    logi.warning("%s: jaribio %d: %r",
                                 funksheni.__name__, jaribio, h)
                    lala(muda + random.uniform(0, muda / 2))
        return ganda
    return dekoreta
```

Nyota ile inalazimisha kila kigezo kitajwe kwa jina. Sasa ukisahau mabano unapata TypeError papo hapo faili linapopakiwa, kabla mwanachama yeyote hajaguswa. Ukaguzi wa `mara` nao umekaa tabaka la nje kwa sababu hiyohiyo. Bila huo, `mara=0` ingefanya kitanzi kisizunguke hata mara moja, na ganda lingerudisha None kimyakimya.

Angalia pia `raise` iliyosimama peke yake. Hiyo hurusha hitilafu ileile, pamoja na njia yote iliyopitia. Vitanzi kadhaa vya zamani vilikuwa vinarusha hitilafu mpya yenye ujumbe wa jumla, “Imeshindikana”, na wa zamu hana pa kuanzia.

Mwenzangu alipendekeza tuhesabu kwa kupunguza: `mara -= 1` ndani ya ganda. Python inakataa kwa UnboundLocalError, kwa kuwa ukishaandika kwenye jina ndani ya funksheni, jina hilo linakuwa la humo. Ukitibu kwa `nonlocal` ndipo unapojichimbia shimo: hesabu inakuwa moja kwa miito yote ya funksheni hiyo tangu seva iwake. Miito ya asubuhi inakula majaribio, ya mchana inakuta mfuko mtupu. Hali ya mwito mmoja ikae ndani ya ganda. Kilicho nje ya ganda ni cha wote.

Kisha tukavisha, na haikurudia chochote. Tulizima mtandao wa mashine kwa makusudi, hitilafu ikapita moja kwa moja. Tulikuwa tumeandika `hitilafu=(ConnectionError, TimeoutError)`, majina ya Python yenyewe, lakini miito yetu ilipitia requests, maktaba ya kutuma maombi mtandaoni, yenye ConnectionError yake. Ile ya requests inatokana na RequestException, ambayo inatokana na OSError. Haina undugu wa moja kwa moja na ConnectionError ya Python ingawa wameitana jina. Ikabidi iwe `requests.ConnectionError` na `requests.Timeout`. Hapohapo tukagundua miito mingi haikuwa na `timeout` kabisa. Requests haina ukomo wa muda usipoutaja mwenyewe, na dekoreta haiwezi kurudia mwito ambao haujawahi kushindwa. Tukaweka `timeout=10` kila mahali.

Na hesabu ifanyike kabla ya kujisifu. Majaribio matatu, kila moja likikwama sekunde 10, ni 30. Katikati kuna subira mbili, siyo tatu, kila moja ikiongezewa hadi nusu yake kwa nasibu: ya kwanza inaweza kufika 0.75, ya pili, iliyo maradufu, 1.5. Jumla inafika sekunde 32.25. Gunicorn, seva iliyokuwa inabeba Flask yetu, kwa kawaida yake humuua mfanyakazi (mchakato unaohudumia maombi) asiyejibu baada ya sekunde 30. Maana yake jaribio la tatu lisingemalizika, na logi ingeonyesha kifo cha mfanyakazi badala ya sababu yenyewe. Kwa miito ya mchana tukashusha `timeout` hadi 5. Ya usiku, isiyopitia Gunicorn, ikabaki 10. Hii ndiyo faida ya mipangilio kukaa kwenye mstari wa @: unaisoma juu ya funksheni husika, na dekoreta yenyewe haijui lolote kuhusu mkopo wala salio.

`leta_miamala` ilitusumbua kwa namna nyingine. Ilikuwa inatumia `yield`, ikitoa muamala mmoja mmoja. Kuita funksheni ya namna hiyo hakuendeshi hata mstari mmoja wa ndani. Kunarudisha jenereta tu, na `try` ya ganda inafungwa kwa amani. Hitilafu inatokea baadaye, kwenye `for` ya anayesoma, nje kabisa ya dekoreta. Tulitenga sehemu ya kuvuta ukurasa mmoja ikawa funksheni ya kawaida inayorudisha orodha, tukaivisha hiyo, na jenereta ikaachwa kuunganisha kurasa. Ungeivisha jenereta yenyewe na kuianzisha upya, miamala iliyokwisha kutolewa ingetoka tena.

Kwa kuwa tulishafungua faili la dekoreta, tuliondoa na marudio ya ukaguzi wa ruhusa kwenye kurasa za Flask. `hitaji_ruhusa` ni fupi kuliko `rudia`, ila ndiyo iliyotupa ujumbe huu wakati wa kuwasha seva: `View function mapping is overwriting an existing endpoint function: ganda`. Mwenzangu alikuwa amesahau `functools.wraps`. Flask huupa kila ukurasa jina kutokana na `__name__` ya funksheni, na bila `wraps` kurasa zote zilizovishwa zinaitwa ganda. Ukurasa mmoja ungepita. Wa pili ndio uliogongana. Hiyo ni bahati, kwa kweli, maana mahali pengine kukosa `wraps` hakugongi kengele yoyote: maelezo ya funksheni yanapotea na logi zote zinasema ganda, ganda, ganda.

Mpangilio wa juu na chini nao una hatari yake. `@app.route`, dekoreta ya Flask ya kuipa funksheni anwani ya ukurasa, inaandikisha funksheni iliyoikuta chini yake, kisha inairudisha vilevile. Dekoreta hutumika kuanzia iliyo karibu na `def` kwenda juu. Ukiweka `@hitaji_ruhusa` juu ya `@app.route`, Flask imeshaandikisha funksheni tupu, na ulinzi wako umevaa nakala ambayo hakuna anayeiita. Ukurasa unafunguka kwa yeyote, na msimbo ukiusoma haraka unaona ulinzi upo. Tulikuta ukurasa mmoja wa namna hiyo, wa orodha ya wadaiwa.

Jioni ilibaki `toa_mkopo`. Dada wa uhasibu alikuwa amekuja kuuliza kama ripoti ya wiki itatoka, akasimama nyuma yetu akasoma jina la funksheni.

“Jamani kaka zangu, hii nayo mnairudia? Ikitoka mara mbili nani atamfuata mwanachama?”

Alikuwa sahihi, na sababu ya kiufundi iko kwenye tofauti ya hitilafu mbili za requests. ConnectTimeout maana yake hukufika kwenye seva kabisa. Kurudia ni salama. ReadTimeout maana yake ombi huenda limefika, huenda fedha imeshatoka, ila jibu ndilo halikurudi. Zote mbili ni Timeout, kwa hiyo ukiandika `requests.Timeout` umezichanganya.

Tulipofungua `toa_mkopo` tukaona tatizo la pili. Namba ya kumbukumbu ya malipo ilikuwa inatengenezwa ndani yake, kwa `uuid4`, inayotoa namba mpya ya nasibu kila ikiitwa. Upande wa pili ulikuwa na utaratibu wa kukataa namba iliyokwisha kutumika, kinga nzuri, lakini kila jaribio lingeingia ndani upya na kutoka na namba mpya. Tulilithibitisha kwenye mazingira ya majaribio kwa seva ya bandia inayopokea ombi, kuliandika, kisha kunyamaza: maombi matatu, namba tatu, mikopo mitatu ya mtu mmoja.

Namba ikahamishiwa nje: inatengenezwa na kuhifadhiwa kwenye jedwali la mikopo kabla ya mwito, kisha inapitishwa kama kigezo, ili `*args` na `**kwargs` zibebe ileile kila jaribio. Hata hivyo `toa_mkopo` hatukuirudishia hitilafu zote. Ilipata `hitilafu=requests.ConnectTimeout, mara=2`. Ikitokea ReadTimeout inaachwa ipande, mkopo unaandikwa “haijulikani”, na `hali_ya_muamala`, ambayo inasoma tu na haiwezi kumdhuru mtu, ndiyo inayovishwa `mara=5` kuuliza kilichotokea.

Majaribio yalichukua muda mfupi kuliko tulivyodhani. Kila funksheni iliyovishwa kwa `wraps` ina `__wrapped__` inayokupeleka kwa ile ya asili, kwa hiyo mantiki ya salio ilijaribiwa ikiwa uchi. Kuijaribu `rudia` yenyewe tulipitisha `lala=orodha.append`, na badala ya kusubiri tukapata orodha ya muda ambao ingelala: thamani mbili, ya kwanza kati ya 0.5 na 0.75, ya pili kati ya 1 na 1.5. Kubadilisha `time.sleep` kwa mock, yaani kibadala cha bandia, kusingefaa hapa, maana thamani ya msingi ya kigezo hushikwa mara moja tu, pale `def` inaposomwa. Ripoti ya dada ilitoka Jumatatu.