Vizibo 28 vya Taifa Stars

Sabufa ya mjomba iliungua Januari 2024, siku sita kabla ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, kucheza na Morocco kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast. Ulikuwa wakati wa mgao. Umeme ulikatika saa moja jioni, ukarudi kwa kishindo, sabufa ikatoa moshi mwembamba kama wa ubani, basi. Televisheni ilipona kwa sababu alikuwa ameichomoa. Fundi akaifungua, akainusa, akasema, "Hii tuiombee tu."

Banda la mjomba la kuonyeshea mpira ni kibanda umiza kama vingine vya hapa Mwanza, mwendo mfupi kutoka Mwaloni Kirumba. Mabati juu, mabenchi chini, na ukuta wa nyuma hakuujenga kabisa: ni jiwe, yale mawe yetu makubwa, naye kaegemeza mabati hapo hapo. Kiingilio shilingi 500. Watu 70 wakibanana humo bila sauti ya mtangazaji, wanaanza kugombana dakika ya tano. Nimeshaona.

Mimi ni dalali wa dagaa. Naishi kwa kupiga kelele, na nina kipaza sauti cha mkononi, kile cha betri. Mjomba alinijia mnadani asubuhi iliyofuata.

"Mjomba, si una hicho kipaza? Utatutangazia mpira."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tatizo halikuwa sauti. Tatizo lilikuwa kikosi. Wachezaji wa ligi yetu nawajua hata kwa mgongo: Aishi Manula, Dickson Job, Fei Toto, Kibu, Mudathir anayeshangilia bao kwa kujifanya anapiga simu. Lakini orodha ile ilikuwa na vijana ambao pale Mwaloni hakuna aliyewahi kuwaona wakigusa mpira. Haji Mnoga na Ben Starkie walikuwa wanacheza Uingereza. Kwesi Kawawa, kipa, katokea Sweden. Charles M'Mombwa alikuwa Australia. Halafu Tarryn Allarakhia, wakati ule wa Wealdstone, jina ambalo nililifanyia mazoezi bafuni.

Cha ajabu, wapinzani tuliwajua kuliko wenzetu. Kundi letu, F, lilikuwa na Morocco, Zambia na DR Congo. Zambia walikuwa na Clatous Chama, wakati ule wa Simba. Congo walikuwa na Henock Inonga, naye wa Simba wakati ule, na Fiston Mayele, aliyeihama Yanga, nao walikuwa hawajamaliza hata kumlilia. Mtu wa banda letu angemtambua Mayele gizani, lakini Mnoga angemuuliza, "Wewe ni wa wapi, kijana?"

Nilianza vibaya. Niliandika majina kwenye karatasi na kuyakariri kama shairi la darasa la tatu. Nikijaribu kuyataja bila mpangilio, nakwama. Nikahamia kwenye namba za jezi, nako nikachemka, maana televisheni ya mjomba ni inchi 32, na kwa aliyekaa nyuma namba 6 na namba 8 ni ndugu mapacha. Namba 10 ya Samatta tu ndiyo haikunisumbua, na hata yeye nilimtambua kwa kitambaa cha unahodha.

Kilichonisaidia ni vizibo vya soda. Niliomba vizibo kwa mama wa duka la jirani, nikaandika jina moja juu ya kila kizibo kwa makapeni, nikageuza kreti ya samaki juu chini ikawa uwanja. Binamu yangu wa darasa la tano ndiye aliyekuwa anavisogeza. Yeye anasukuma, mimi natangaza: Manula kwa Job, Job kwa Bacca, Bacca anampelekea Tshabalala kushoto. Akisukuma haraka, nami natangaza haraka. Kwenye kizibo jina refu halikai, kwa hiyo Allarakhia alibaki "TARINI", na mpaka leo kwangu ni Tarini.

Usiku wa pili tulihesabu vizibo vikawa 28. CAF, shirikisho la soka la Afrika, safari ile iliruhusu wachezaji 27, si zaidi. Tulihesabu tena. 28. Binamu akadhani kala soda moja zaidi. Ilinichukua karibu saa nzima kugundua kwamba nimemwandika mtu mmoja mara mbili: orodha moja ilisema Novatus Miroshi, nyingine Novatus Dismas, mimi nikaandika MIROSHI kwenye kizibo kimoja na DISMAS kwenye kingine. Baada ya hapo nikawa makini. Ibrahim Hamad ndiye Bacca. Mohamed Hussein ndiye Tshabalala. Feisal Salum ndiye Fei Toto. Watu wetu hawatumii jina la cheti, na ukiwatangazia la cheti watakuuliza huyo ni nani.

Jambo jingine nililitoa mnadani. Dalali hawezi kujua jina la kila mnunuzi, kwa hiyo unasema "mama kilemba chekundu kafika bei" na biashara inaendelea. Nikaamua hivyo hivyo: nikishindwa jina, nitauza nafasi. "Kijana wetu wa kulia huyo!" Hakuna aliyewahi kurudishiwa mia tano yake kwa sababu hiyo.

Tarehe 17, saa 2 usiku, nikasimama pembeni ya televisheni na kipaza. Dakika za mwanzo sauti ilitetemeka. Kisha Saïss wa Morocco akatufunga na nikasahau kuogopa. Kipindi cha pili Novatus akala kadi nyekundu, nikatangaza, "Novatus anatoka!" Benchi la mbele wakasema, "Si ni Dismas huyo?" Benchi la nyuma wakasema Dismas bado yuko uwanjani. Ikabidi nisimamishe matangazo na kueleza, huku Morocco wakiendelea kutushambulia, kwamba ni mtu mmoja. Tulikula 3-0.

Mechi ya Zambia, siku nne baadaye, banda lilifurika. Kocha Amrouche alikuwa amefungiwa na CAF, kwa hiyo timu ilikuwa mikononi mwa Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani ni Morocco. Fikiria kuwaeleza watu hilo kwa kipaza wiki ile ile. Dakika ya 11 Samatta akampa Msuva, Msuva akafunga. Sikumbuki nilichosema. Binamu anadai nilitaja bei ya dagaa.

Mzee mmoja fundi mitumbwi, aliyekaa kwenye ndoo karibu na mlango, alininyooshea kidole wakati wa mapumziko. "Bwana mdogo, tukipata pointi leo itakuwa ya kwanza tangu AFCON ya Lagos, 1980. Tulitoka moja moja na hao hao Ivory Coast, Thuweni Ally alifunga. Waambie." Nikawaambia. Kisha akanisimulia bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililotupeleka huko Lagos, nalo nikawaambia, ingawa alinisimulia mara mbili kwa tofauti kidogo.

Zambia walikuwa wamebaki kumi baada ya Kabwe kutolewa kabla ya mapumziko. Betri za kipaza ziliisha dakika ya 70 hivi, nikaendelea kwa koo. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Nilinyamaza. Naambiwa nilinyamaza kama dakika mbili nzima na hakuna aliyenidai sauti. Yule mzee peke yake ndiye aliyesema, "Pointi ni pointi."

Mechi ya Congo ilianza saa 5 usiku tarehe 24, kukiwa na mbalamwezi. Anayejua dagaa anajua maana yake: dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wako nchi kavu, wana pesa kidogo na hawana usingizi. Wengine walisimama nje wakichungulia kwenye tundu za mabati. Ilikuwa 0-0, tukatolewa tukiwa wa mwisho kwenye kundi, lakini usiku ule sikuuza nafasi hata mara moja. Nilitaja majina yote.

Mjomba alinunua sabufa nyingine mwezi wa pili. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa kwetu, Kenya na Uganda, nilivitoa vile vizibo kwenye kopo, vingine vimeshika kutu. CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani tu, kwa hiyo tukamwondoa Samatta, tukamwondoa Msuva, Tarini, na MIROSHI naye akatoka, maana alikuwa Uturuki. Tukaandika vipya: Mzize, Kapombe, Sopu.

DISMAS alibaki kwenye kreti. Tangu ule usiku wa pili binamu anamtumia kama mpira.