Ninavyoipima mita kabla ya kuiamini

Mita ya dijitali ya fundi, ile ya kupimia volti, omu na mkondo (multimeter), haitoi moshi inapoanza kudanganya. Namba zinaendelea kutokea kwenye kioo, safi, zenye desimali zake, na fundi anaishia kubadilisha kifaa kizima kwa sababu ya waya wa mita uliokatikia ndani. Ndiyo maana nikiishika mita, kitu cha kwanza ninachokipima ni mita yenyewe.

Naanza na nyaya. Naweka kizungushio kwenye omu (kipimo cha ukinzani), kipimo cha chini kabisa (mara nyingi ni 200), nagusanisha ncha mbili na kuzikaza. Nyaya nzima husoma 0.1 hadi 0.3. Ncha zikiwa bado zimegusana, nakunja kila waya pale shingoni unapoingia kwenye plagi, kisha pale unapoingia kwenye mshikio. Huko ndiko unakokatikia, kwa kuwa ndiko unakopindwa kila siku. Namba ikiruka kutoka 0.2 hadi 4, au ikatokea OL (kipimo kimezidi uwezo wa mita, yaani njia imekatika), au 1 peke yake upande wa kushoto, yenye maana hiyohiyo, waya huo umekwisha. Tepu haisaidii kitu hapo. Natafuta jozi mpya iliyoandikwa volti na daraja la usalama, mfano CAT III 600V, lisilo chini ya lile la mita. Na ile 0.2 naitoa kwenye hesabu: nikipima rezista ya omu 1 nikapata 1.2, rezista haina kosa.

Betri inadanganya kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Mita nyingi za bei nafuu zinazotumia betri ya volti 9 hupima kwa kulinganisha umeme unaoingia na volti ndogo ya marejeo iliyomo ndani. Betri ikishuka kufika kama volti 7, ile ya marejeo nayo inaanza kuporomoka, na jibu linapanda. Betri ya gari yenye 12.6 inaonekana ina 13 na zaidi, na mtu anaanza kuilaumu altaneta inayochaji betri. Kwa hiyo kila unachopima kikionekana kimepata nguvu ghafla, badilisha betri ya mita kabla ya kugusa kingine. Chomoa nyaya zote mbili kwanza ndipo ufungue kifuniko, maana ncha ikiwa imegusa umeme, umeme huo umo hadi kwenye bodi.

Fyuzi ndiyo inayonisumbua kuliko yote kwenye mita ninazozifungua. Dalili yake ni moja: volti inasoma sawasawa, lakini mkondo ni 0.00 daima. Kwenye mita zenye matundu manne huhitaji kufungua kitu. Acha waya mwekundu kwenye tundu la VΩ (la volti na omu), weka omu, kisha ingiza ncha yake kwenye tundu la mA (la mkondo mdogo). Fyuzi nzima hutoa namba fulani ya omu. Kwenye tundu la A (la mkondo mkubwa) huwa chini ya omu 1. OL maana yake imeungua. Kwenye zile zenye matundu matatu, ambapo volti na mA zinatumia tundu moja, fungua, ichomoe fyuzi, uipime kwa mita nyingine.

Inaungua kwa kosa lilelile: mtu anapima mkondo, anasahau waya mwekundu kwenye tundu la A, anakwenda kupima soketi. Tundu lile lina ukinzani karibu na sifuri, kwa hiyo amechukua kipande cha waya na kuunganisha laivu na nyutro. Hiyo ni shoti kamili, na mkono wake uko sentimita chache tu kutoka hapo. Fyuzi ya badala lazima iwe na ampea zilezile, volti zilezile na kasi ileile ya kuungua, na kama ya awali ilikuwa ya kauri yenye mchanga ndani, usiweke ya kioo ya 250V. Mchanga unayeyuka na kuuzima mwali wa umeme. Kwenye kioo mwali unaweza kuendelea kuwaka hata baada ya waya kukatika, na kioo kikapasuka. Uzi wa waya wa shaba badala ya fyuzi ni kujitafutia majeraha ya moto. Mita iliyoandikwa UNFUSED (haina fyuzi) kwenye tundu la 10A siipeleki kabisa kwenye umeme wa nyumba kupima mkondo. Nami nikimaliza kupima mkondo, waya mwekundu unarudi kwenye VΩ hata kama nitapima mkondo tena baada ya dakika moja.

Namba zikicheza ukigusa kizungushio kidogo tu, njia za shaba chini yake zimeshika vumbi na mafuta. Chomoa nyaya, toa betri, fungua skrubu, na piga picha kabla ya kuinua bodi: kuna vispringi na mara nyingi gololi mbili ndogo zinazotoa ule mlio wa tiki, nazo huruka. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa alkoholi ya isopropili, futa kufuata njia ya duara. Palipogoma, tumia raba ya penseli polepole, kisha alkoholi tena. Msasa unakwangua dhahabu iliyopakwa juu, na shaba ikibaki wazi inachafuka upya haraka. Mafuta ya kulegeza kutu nayo yanaacha utando unaonasa vumbi. Usishike bodi kwa vidole vitupu; chumvi ya jasho inapitisha umeme kidogo, na vipimo vya megaomu (mamilioni ya omu) vinaharibika. Kama mistari ya namba ilikuwa inakosekana, futa pia ule mpira mwembamba ulio kati ya kioo na bodi. Iache ikauke nusu saa.

Betri ya alkalini iliyovuja naisafisha kwa mswaki wenye siki, kisha alkoholi.

Kwenye umeme wa nyumba, kabla ya kusema waya umekufa, napima soketi ninayojua ina umeme, napima waya wenyewe, narudi kwenye soketi ileile. Waya uliokatwa ukilala kando ya wenye umeme unaweza kusoma volti 60, kwa kuwa ukinzani wa mita ni kama megaomu 10 na haivuti kitu. Ukifunga balbu kwenye waya huo, volti hizo zinatoweka.

Kwa usahihi nina rezista moja ya kiloomu 10 yenye kosa la 0.1%. Mita ya ±(0.5% + 2), yaani kosa la asilimia 0.5 ya namba pamoja na 2 kwenye tarakimu ya mwisho, lazima isome kati ya 9.93 na 10.07. Naandika namba na tarehe kwenye karatasi ndogo ndani ya kifuniko cha betri, na kila nikibadilisha betri naongeza mstari.