Mkono wa Kushoto Usiosimama

Kwa miaka tisa nilipiga dramu kwa vijiti tu. Brashi, yaani vipini vyenye nyaya nyembamba za kupigia dramu, nilikuwa nazo, lakini zilikaa ndani ya begi na nilizitoa pale tu mtu aliponiomba nipunguze sauti. Nilizishika kama vijiti, nikagonga nazo kama ninavyogonga kwa vijiti, na sauti ikatoka nyembamba, haina mwili. Nikaamini kasoro ni ya brashi zenyewe.

Kilichonigeuza ni dakika tano na nusu za wimbo wa jazi "Blue in Green", uliorekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara nyingi, sikio langu likienda moja kwa moja kwenye tarumbeta ya Miles Davis. Usiku mmoja nikaamua kumtafuta mpiga dramu, Jimmy Cobb, peke yake. Mwanzoni sikumpata. Nilimsikia Bill Evans kwenye piano, nikamsikia Paul Chambers kwenye besi, na chini yao kitu kama mtu anayepumua usingizini. Wimbo ulipofika katikati ndipo nikang'amua kwamba ile pumzi ndiyo dramu.

Kijiti hugusa ngozi na kuondoka, na sauti yake huanza kufifia papo hapo. Brashi inaweza kubaki. Nyaya zake zinapoburuzwa juu ya ngozi ya snea, ile dramu ndogo iliyo mbele ya mpigaji, sauti huendelea maadamu mkono unatembea. Mkono wa kushoto unachora duara bila kukatika. Wa kulia unakuja na kuweka mapigo juu ya duara hilo. Ngozi nayo sharti iwe na ukwaruzo. (Siku hizi ni plastiki, ila jina la ngozi limebaki.) Yangu ilikuwa laini kama kioo. Miaka yote ile nilikuwa nikizilaumu brashi kwa kushindwa kukwaruza mahali pasipokwaruzika. Nilipobadilisha na kuweka ngozi nyeupe yenye chembechembe, duara la kwanza tu lilinifanya nisimame. Snea yangu mwenyewe ilikuwa ikinong'ona.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa watu ambao wengi wao hawapo tena duniani. Ninayerudi kwake mara nyingi zaidi ni mpiga dramu Ed Thigpen. Alijiunga na mpiga piano Oscar Peterson mwaka 1959, na kuna jambo kuhusu nafasi ile ambalo hunigusa sana. Kwa miaka mingi kundi la Peterson lilikuwa la piano, besi na gita, halina dramu kabisa. Gita la Herb Ellis ndilo lililokuwa likichapa mwendo. Ellis alipoondoka, pengo lile likaja kujazwa na mpiga dramu, tena nyuma ya mpiga piano mwenye vidole vya kasi ya ajabu, ambaye peke yake hujaza chumba. Sikiliza brashi za Thigpen ukijua hilo, utasikia gita ndani yake: ule mkwaruzo mfupi, sawasawa, unaosukuma bila kusukumana na mtu. Baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu sauti ya brashi, chenye michoro ya njia ambazo mkono hupita juu ya ngozi. Michoro ile mimi huifuata kwa kidole juu ya meza kabla sijashika chochote.

Mpiga dramu Philly Joe Jones ndiye aliyenivua dhana kwamba brashi ni za nyimbo za taratibu tu. Msikilize katika "Billy Boy", mwaka 1958, pale Miles na wapulizaji wenzake wanapokaa pembeni na kuwaachia uwanja mpiga piano Red Garland, Chambers na yeye. Mwendo ni wa mbio, na bado kila pigo liko wazi na lina makali. Nikijaribu kwa kasi ile, duara langu hugeuka vurugu. Nimejifunza kulipunguza: kadiri mwendo unavyokaza, ndivyo mkono unavyopaswa kutembea umbali mdogo, hadi duara libaki kama sarafu.

Mpiga dramu Paul Motian ni habari nyingine. Katika "My Foolish Heart", aliorekodi na Bill Evans na mpiga besi Scott LaFaro kwenye ukumbi wa Village Vanguard tarehe 25 Juni 1961, kuna nafasi ambapo karibu hafanyi kitu, nami hujikuta nimezuia pumzi nikimsubiri. LaFaro alifariki katika ajali ya gari siku 11 baadaye. Siwezi kuusikiliza wimbo ule nikiwa na shughuli nyingine mkononi.

Inanifurahisha pia kujua zana hii ilikotoka. Mapema miaka ya 1910 kulipewa hataza Marekani kwa kifaa cha nyaya kinachoingia na kutoka kwenye mpini wake, na kazi yake ilikuwa kuua nzi. Wapiga dramu wakakichukua, na mpaka leo brashi nyingi bado zinarudi ndani ya mpini vivyo hivyo.

Mazoezi yangu sasa ni haya: kila usiku, dakika 20, mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia naukalia. Naweka "Blue in Green" kwa sauti ya chini na kuchora duara moja kwa kila mapigo mawili, nikisikiliza kama kuna mahali linakatika. Lipo: sehemu ya juu ya duara, mkono unapogeuka kurudi kwangu, nyaya huinuka kidogo na kunong'ona kunakoma kwa kitambo kifupi mno. Jana nililegeza kidole gumba na mkono ukavuka pale mara nne mfululizo bila kukatika. Mara ya tano ukakatika. Leo naanzia hapo hapo.